UZI: Mashine ya kutengeneza karatasi, tuichambue kuanzia maji hadi bobini

FundiMitambo

Wakuu salaam. Nimekuwa nikitaka kufungua uzi kuhusu mtambo ambao zao lake tunalishika kila siku, lakini waliouona ukizunguka ni wachache: mashine ya kutengeneza karatasi. Mashine kubwa za kisasa zinapita mita 100 kwa urefu. Zilizo pana kabisa hutoa ukanda wa karatasi wa mita 10 hivi, na zenye kasi hukimbia mita 1,800 hadi 2,000 kwa dakika. Mita 1,800 kwa dakika ni kilomita 108 kwa saa. Ukanda huo ni mmoja, haukatwi popote njiani: huku unaanza ukiwa maji, kule unaishia kwenye bobini ya tani nyingi.

Naomba nianze na hesabu, kwa sababu bila hiyo mtambo mzima utaonekana ni rundo la rola tu.

Chukua kilo moja ya nyuzi kavu za mti. Zinapoingia kwenye mashine zimekorogwa na maji hadi zikawa asilimia 1 tu ya mchanganyiko, mara nyingi hata chini ya hapo. Kilo yako moja inaelea ndani ya kilo 99 za maji. Mchanganyiko unamwagwa juu ya wavu, maji yanachuruzika, na mwisho wa wavu nyuzi zimefika kama asilimia 20. Maji yaliyobaki ni kilo 4. Unakamuliwa kati ya rola, nyuzi zinafika asilimia 45 hivi, maji yanabaki kilo 1.2. Halafu unakaushwa kwa mvuke mpaka maji yawe asilimia 5 ya karatasi, yaani gramu hamsini na kitu.

Sasa tazameni mgawanyo. Wavu umeondoa kilo 95. Ukamuaji umeondoa pungufu ya kilo 3. Ukaushaji umeondoa kilo moja na ushee tu, lakini hiyo kilo moja na ushee ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya joto lote la kiwanda. Kuyafikisha maji ya barafu kwenye nyuzi joto 100 kunataka kilojuli 420 hivi kwa kilo. Kuyageuza maji hayo yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke kunataka kilojuli 2,257 nyingine. Afuaye nguo hukamua kabla ya kuanika, na mashine hii nzima imejengwa juu ya akili hiyo hiyo: ondoa kwa mvuto kinachoondoka kwa mvuto, bana kinachobanika, ndipo uwashe moto kwa kilichobaki.

Msimamo wangu, na nitautetea humu: mtu akijua maji yako wapi na yanaondokaje, ataielewa mashine yote. Na karatasi yenyewe inaamuliwa mwanzoni kabisa, kwenye wavu, kabla haijaonana na silinda hata moja ya kukaushia.

Nitapita sehemu kwa sehemu. Wenye uzoefu wa mvuke, kemia na umeme, karibuni.

msomaji_wa_usiku

Mkuu asante kwa uzi. Swali la haraka kabla hujaenda mbali. Kama kuondoa maji ni gharama, kwa nini yatiwe mengi hivyo? Si wangeanza na nyuzi asilimia 10 wakaokoa kazi yote hiyo?

FundiMitambo

Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza umbo la nusu ya kwanza ya mashine.

Unyuzi wa msonobari una urefu wa milimita 3 hivi. Wa mkaratusi ni milimita moja au pungufu. Unene wake ni sehemu ya mia ya milimita au mbili tatu. Kitu kirefu na chembamba kikizunguka ndani ya maji kinagongana na jirani zake, na vikigongana vinashikana. Mchanganyiko ukiwa mzito, nyuzi hufanya mabonge kabla hujafika popote. Kwenye asilimia 10 una rojo zito lisilomiminika kabisa, na huwezi kulitandaza katika tabaka la sehemu ya kumi ya milimita kwa upana wa mita 10.

Shika karatasi yoyote uielekeze kwenye mwanga. Utaona mawingu: sehemu nyeusi na sehemu nyepesi. Hayo ni mabonge yaliyoganda kwenye karatasi. Karatasi iliyotandazwa vizuri ina mawingu madogo, hafifu. Maji mengi ni nafasi: yanazitenganisha nyuzi mpaka dakika ya mwisho.

Sababu ya pili ni kwamba kwa karatasi ya kawaida, kinachozishikilia nyuzi si gundi. Nyuzi ni selulosi, na selulosi inayapenda maji. Maji yanapoondoka taratibu, mvutano wa uso wa maji huzivuta nyuzi zikaribiane hadi zigusane, kisha vifungo vya haidrojeni vinashika kati ya unyuzi na unyuzi. Ndiyo maana karatasi ikilowa inalegea, na ndiyo maana karatasi ya zamani inaweza kurudishwa kwenye maji ikawa nyuzi tena.

Kabla ya kuingia mashineni, nyuzi hupitishwa kati ya sahani zenye meno ya chuma zinazozunguka, zikachanwachanwa ngozi ya nje. Uso wa kushikana unaongezeka na karatasi inakuwa imara. Lakini hapo kuna bei ya kulipa: nyuzi zilizosagwa sana huachia maji kwa shida, na wavu unalemewa. Kila mtu wa karatasi anaishi kati ya mambo hayo mawili.

KemiaTu

Naongezea upande wangu, kaka FundiMitambo. Ndani ya yale maji hamna nyuzi tu. Kuna unga wa kalsiamu kaboneti au udongo mweupe wa kaolini, unaojaza mapengo na kuipa karatasi weupe na uso laini. Chembe hizo ni ndogo mno kuliko matundu ya wavu. Zikiachwa zenyewe zitapita na maji karibu zote. Kwa hiyo tunatia polima zenye chaji ya umeme zinazozibandika chembe kwenye nyuzi. Kipimo ni kigumu: ukizidisha, polima hiyo hiyo inazifunga nyuzi mabonge na mawingu yanarudi.

Kuna pia dawa ya kuzuia karatasi isinyonye wino kupita kiasi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 ilitumika resini ya utomvu wa msonobari pamoja na shabu. Ilifanya kazi vizuri, ila iliacha asidi ndani ya karatasi, na asidi inakatakata selulosi mwaka hadi mwaka. Vitabu vingi vya enzi hiyo sasa vina kurasa za njano zinazovunjika ukizikunja. Viwanda vingi vya karatasi za kuandikia na kuchapia vimehamia dawa zinazofanya kazi bila asidi, na hapo ndipo kalsiamu kaboneti ilipopata nafasi, maana kwenye asidi ingetoa povu na kuyeyuka.

Na maji yanayochuruzika kwenye wavu hayatupwi. Tunayaita maji meupe kwa sababu yamejaa chembe na vipande vya nyuzi. Yanarudi mara moja kwenye pampu kubwa na kuchanganywa na rojo jipya zito. Maji yale yale yanazunguka kila dakika chache. Sehemu ndogo tu inatolewa na kuchujwa zaidi.

FundiMitambo

Asante sana KemiaTu. Twende kwenye hedboksi, na hapa nitakaa kidogo.

Rojo jepesi linafika kwa bomba moja la mviringo. Linatakiwa litoke kama ubapa mmoja wenye upana wa mita 8 au 10 na unene wa sentimita moja hivi, likiwa na mwendo ule ule na nyuzi zile zile kwa kila sentimita ya upana. Kazi hiyo ya kubadili umbo ndiyo kazi ya hedboksi.

Bomba likiingilia upande mmoja na kupita nyuma ya mashine nzima, maji yanapungua kadiri yanavyotoka njiani. Bomba likiwa na upana uleule mwanzo hadi mwisho, mwendo ndani yake utapungua na shinikizo litabadilika, upande mmoja upate rojo jingi kuliko mwingine. Kwa hiyo bomba hilo linajengwa likisinyaa kuelekea mwisho, na sehemu ndogo ya rojo hurudishwa kwenye mzunguko ili shinikizo lilingane upana wote. Kutoka hapo rojo linapita katika mamia ya mirija midogo inayopanuka ghafla katikati. Kila upanuzi unavuruga maji kwa makusudi, mabonge yanavunjika, na kabla nyuzi hazijashikana tena tayari zimeshatoka kwenye mdomo.

Sasa mwendo. Rojo linatakiwa litoke kwa kasi karibu sawa na ya wavu. Katika mashine za kale zilizokwenda mita 60 kwa dakika, yaani mita 1 kwa sekunde, kimo cha maji cha sentimita 5 nyuma ya mdomo kilitosha, na sanduku lilikuwa wazi juu. Ukitaka mita 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde, fanya hesabu ya kasi mara kasi gawanya kwa mara mbili ya mvuto: unapata kimo cha mita 20. Hakuna atakayejenga tangi la ghorofa sita nyuma ya mashine. Ndiyo maana hedboksi za kisasa zimefungwa kabisa na pampu ndiyo inayotoa shinikizo. Pampu hiyo ikitetemeka kidogo tu, mtetemo unaonekana kwenye karatasi kama mistari ya uzito inayojirudia, kwa hiyo kati ya pampu na hedboksi kuna kazi nyingi ya kutuliza maji na kuondoa hewa.

Tofauti ndogo kati ya kasi ya rojo na ya wavu huachwa kwa makusudi. Rojo likiachwa nyuma kidogo na wavu, nyuzi huvutwa zikalala kuelekea mwendo wa mashine. Jaribuni wenyewe: chukueni karatasi ya gazeti mwichane kwa urefu, halafu kwa upana. Upande mmoja inachanika kwa mstari ulionyooka, upande wa pili inapinda ovyo. Upande ulionyooka ndio mwelekeo wa mashine. Hakuna hatua ya baadaye inayozigeuza nyuzi hizo.

msomaji_wa_usiku

Nimejaribu sasa hivi, ni kweli kabisa! Endelea mkuu. Na ukipata nafasi tuambie nani aliianzisha, maana karatasi ni ya kale kuliko mashine.

FundiMitambo

Historia nitaifupisha. Karatasi kwa karne nyingi ilitengenezwa kwa mkono, chekecheo moja baada ya jingine. Louis-Nicolas Robert, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi cha Essonnes, alipata hataza mwaka 1799 kwa mashine yenye wavu usio na mwisho, iliyozungushwa kwa mkono. Wazo likavuka hadi Uingereza, ndugu wawili Henry na Sealy Fourdrinier wakaligharamia, na mhandisi Bryan Donkin akaijenga mashine iliyofanya kazi kweli huko Frogmore mwaka 1803. Wavu bapa wa namna hii hadi leo unaitwa kwa jina la Fourdrinier. Ndugu hao walifilisika, hataza haikuwalinda.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mashine hizo za mwanzo zilitoa karatasi mbichi, ikaanikwa kama zamani. Silinda za mvuke kwa ajili ya kukaushia zilipata hataza mwaka 1820 kwa Thomas Bonsor Crompton. Na mwaka 1809 John Dickinson alikuja na njia nyingine: silinda yenye wavu inayozunguka ndani ya tangi la rojo na kuinua nyuzi kutoka humo. Njia hiyo haijafa. Karatasi za noti zenye alama ya maji hutengenezwa hivyo, kwa sababu sura inabonyezwa kwenye wavu wenyewe na nyuzi zinatua nene na nyembamba kuifuata.

Turudi kwenye wavu. Zamani ulifumwa kwa waya za shaba iliyochanganywa, sasa ni nyuzi za plastiki ya polista. Unazunguka bila mwisho, juu ukibeba karatasi, chini ukirudi ukiwa unaoshwa. Ukiwa na urefu wa mita 20 upande wa juu na mashine ikienda mita 600 kwa dakika, karatasi inakaa hapo sekunde 2. Katika sekunde 2 hizo kilo 95 kati ya zile 99 zinatakiwa ziondoke, na nyuzi zilale palepale zilipo.

Mvuto peke yake hautoshi. Chini ya wavu kuna visu bapa vya seramiki vilivyowekwa kwa pembe ndogo sana, digrii moja hadi tatu. Makali ya mbele yanakwangua maji yaliyoning'inia chini ya wavu, na nafasi inayopanuka nyuma ya makali hayo inatengeneza mfyonzo unaovuta maji zaidi. Mfyonzo huo unakua kwa mraba wa kasi. Zamani kazi hii ilifanywa na rola ndogo nyingi zilizobeba wavu, lakini kasi ilipopanda, rola zilinyonya kwa ukali mno na kurusha maji juu hadi karatasi ikavurugika. Baada ya visu yanakuja masanduku ya mfyonzo yanayotumia pampu, na mwisho ni rola yenye maelfu ya matundu, ndani yake ikiwa na sanduku la mfyonzo lisilozunguka.

Tatizo la wavu mmoja ni kwamba maji yote yanatoka chini. Chembe nyembamba zinaoshwa upande wa chini, zinabaki juu, na karatasi inakuwa na nyuso mbili tofauti. Kwenye kasi kubwa pia uso wa juu wa rojo unapigwa na hewa. Kwa hiyo mashine za kasi leo hazina meza bapa kabisa: hedboksi inarusha rojo moja kwa moja kwenye mwanya kati ya nyavu mbili zinazokutana, na maji yanatoka pande zote mbili. Karatasi inaumbika katika sehemu ndogo ya sekunde.

Chuma Cha Pua

Wakuu, mimi ni mtu wa mvuke na nimesoma uzi kwa furaha, lakini mleta mada anaitukuza sana sehemu ya majimaji. Nitakuja na ya kwangu. Kwanza maliza ukamuaji.

FundiMitambo

Karibu sana mkuu, nilikuwa nakusubiri wewe.

Ukamuaji ni kubana karatasi pamoja na felti, kitambaa kinene chenye vinyweleo, kati ya rola mbili. Maji yanatoka kwenye karatasi yakaingia kwenye felti, kisha felti inanyonywa na kuoshwa inaporudi. Tatizo kubwa liko pale karatasi inapotoka kwenye mbano: shinikizo linapoachia, karatasi inataka kuyarudisha maji kutoka kwenye felti. Ni lazima vitenganishwe upesi.

Wengine hudhani ukibana kwa nguvu zaidi utapata ukavu zaidi. Ukizidisha nguvu kwenye mbano mfupi, maji hayapati muda wa kutoka, yanapasua karatasi. Kinachohitajika ni nguvu mara muda. Rola mbili za mviringo zinagusana kwa sentimita chache tu. Miaka ya 1980 ilipoanza ndipo kikaingia kiatu: badala ya rola ya pili kuna kipande cha chuma kilichochimbwa kufuata mviringo wa rola ya kwanza, kinasukumwa kwa mafuta ya haidroliki, na mkanda uliolainishwa kwa mafuta unateleza juu yake. Mbano ukarefuka hadi sentimita 25 hivi.

Faida yake ni hii. Ukitoka na ukavu wa asilimia 46 badala ya 45, maji ya kuchemsha yanapungua kutoka kilo 1.22 hadi 1.17. Hiyo ni asilimia 4 ya mvuke, umeiokoa kwa kubana tu. Tena karatasi yenye maji machache ni imara zaidi, inakatika mara chache. Kwangu mimi kiatu ni kati ya mabadiliko bora kabisa yaliyowahi kuingizwa kwenye mtambo huu.

Chuma Cha Pua

Sawa, zamu yangu.

Ukaushaji ndio unaochukua sehemu kubwa ya urefu wa mashine. Karatasi inazungushwa juu ya silinda za chuma cha kutupwa, kipenyo mita 1.5 au 1.8, kwenye mashine nyingi ni 40 hadi 70. Ndani kuna mvuke wenye shinikizo, kwa hiyo kila silinda ni chombo cha shinikizo kinachozunguka na kinakaguliwa kama boila. Kitambaa maalumu kinaibana karatasi kwenye silinda ili joto lipite.

Watu wanafikiri mvuke ndio shida. Shida ni maji ya mvuke uliopoa. Mvuke ukitoa joto lake unageuka maji ndani ya silinda. Silinda ikizunguka polepole, maji hayo yanakaa chini kama dimbwi. Kasi ikipanda, yanapandishwa na ukuta kisha yanaanguka, yanapanda na kuanguka, na mota inalemewa. Kasi ikizidi, yanabandika kwenye ukuta mzima kama pete. Pete hiyo ikitulia ni kizuizi cha joto: mvuke upo, shinikizo lipo, karatasi haikauki. Kwa hiyo ndani tunafunga mihimili myembamba kwa urefu wa silinda ili kuyavuruga maji, na mrija wa kunyonya unaofika karibu kabisa na ukuta. Tofauti ya shinikizo kati ya ndani na bomba la kutokea ndiyo inayoyasukuma nje. Mtu akikuambia silinda fulani imepoa, usikimbilie valvu ya mvuke, anza na mrija.

Mvuke hautumiki mara moja. Kundi la mwisho la silinda linapata shinikizo kubwa. Maji yake ya moto yakitoka yanachemka upya kwenye tangi la shinikizo dogo, na mvuke huo unalisha kundi lililotangulia. Silinda za kwanza huachwa na joto la chini kwa makusudi, kwa sababu karatasi mbichi ikigusa chuma cha moto sana inabandika na kuchunika. Juu ya yote kuna kibanda kilichofunika sehemu nzima, kinatoa hewa yenye unyevu na joto lake linarudishwa kupasha hewa mpya.

Sasa ubishi wangu. FundiMitambo anasema karatasi imeamuliwa kwenye wavu. Mimi nimeona karatasi iliyoumbwa vizuri ikaharibiwa huku: upande wa juu ukikauka kabla ya chini inajikunja, kingo zikikauka kabla ya katikati inakunjamana. Karatasi husinyaa inapokauka, na jinsi unavyoishikilia wakati huo inaamua itakavyonyooka maisha yake yote.

Halafu karatasi laini za chooni na za kujifutia hazina msururu huu. Zinatumia silinda moja kubwa, kipenyo kati ya mita 3 na 6 hivi. Karatasi inabandikwa juu yake, hewa ya moto inapulizwa kwa juu, na kisu kinaikwangua ikitoka na mikunjo midogo midogo. Ulaini wake unapatikana kwenye kisu hicho. Hapo wavu hauna la kusema.

FundiMitambo

Kwa karatasi laini nakubaliana nawe bila kinyongo, kisu ndicho kila kitu. Kwa nyingine nabaki nilipo: ukaushaji unaweza kuiharibu karatasi nzuri, lakini mawingu yaliyotua kwenye wavu hakuna mvuke unaoyafuta. Mabonge yana nyuzi nyingi, hukauka kwa kuchelewa, na sehemu ya mikunjo unayoiona kwako ilianzia kwangu.

Yanayofuata nayapitia haraka. Karatasi nyingi za kuandikia hupakwa wanga kati ya rola mbili, zinarudi kukaushwa tena. Kisha zinalainishwa kati ya rola ngumu, na mwisho zinakunjwa kwenye bobini. Kabla ya bobini kuna kichwa cha kupimia kinachokwenda na kurudi upana wa mashine: uzito unapimwa kwa miale ya beta kutoka chanzo chenye kriptoni 85 au promethi 147, unyevu kwa mwanga wa infraredi. Kwa kuwa karatasi inakimbia huku kichwa kinavuka, kinachopimwa ni mstari wa mshazari, na kompyuta ndiyo inayotenganisha mabadiliko ya urefu na ya upana. Kwenye hedboksi nyingi za kisasa kuna valvu nyingi zinazoongeza maji meupe mahali palipo na uzito uliozidi.

KemiaTu

Naomba mzungumzie ujenzi wenyewe. Rola ya mita 10 inabanaje sawasawa kati na pembeni? Kwa akili yangu lazima ipinde.

FundiMitambo

Inapinda. Imeshikwa na beringi huku na huku, uzito wake na mzigo wa kubana vinaishusha katikati. Kwa hiyo rola inasagwa ikiwa na tumbo: kipenyo cha katikati ni kikubwa kidogo kuliko cha pembeni, tofauti unayoipima kwa mikromita, hauioni kwa macho. Ikipinda, mstari wa kugusana unanyooka. Kasoro ni kwamba tumbo moja linafaa kwa mzigo mmoja. Ndiyo maana zikaja rola ambazo ganda la nje linazunguka juu ya mhimili usiozunguka, na kati yao kuna mafuta yenye shinikizo yanayosukuma ganda pale linapotaka kulegea.

Rola zote lazima ziwe sambamba. Moja ikiwa imekaa mshazari kidogo tu, felti inakimbilia pembeni na karatasi inavutika upande mmoja. Kwa hiyo ujenzi unaanza na mabamba ya chuma yaliyozikwa kwenye zege na kusawazishwa kwa vyombo vya mwanga au leza, ndipo fremu zinasimamishwa juu yake. Mashine inakaa ghorofa ya juu. Chini yake kuna mapipa ya maji meupe, pampu, mabomba, na matangi ya kukorogea karatasi iliyokatika ili irudi kuwa rojo. Sehemu ya majimaji karibu yote imevikwa chuma kisichoshika kutu.

Mzunguko nao una siri. Zamani injini moja ya mvuke ilizungusha shafti ndefu, na kila sehemu ilichukua nguvu kwa mkanda juu ya puli ya pia, ukisogeza mkanda unabadili mwendo. Sasa kila sehemu ina mota yake. Kasi hazilingani: karatasi mbichi inarefuka ikivutwa, kwa hiyo kila sehemu inakwenda haraka kidogo kuliko iliyotangulia. Ukivuta pungufu inalegea na kupepea, ukizidisha inakatika.

msomaji_wa_usiku

Na ikikatika? Mtu anaipitishaje tena kwenye silinda 50 za moto kwa kasi ya gari la barabara kuu?

Chuma Cha Pua

Haipitishwi yote. Kwenye wavu kuna pua ya maji makali inayokata ukanda mwembamba pembeni. Ukanda huo pekee ndio unaoongozwa. Kwenye ukaushaji unashikwa kati ya kamba mbili zinazozunguka kwenye mifereji iliyoko ncha za silinda, au unapulizwa kwa hewa. Ukishafika mwisho, ile pua inasogea taratibu kuvuka mashine na ukanda unapanuka hadi upana kamili. Muda wote huo karatasi nyingine inaanguka kwenye tangi la chini. Mkono wa mtu haupelekwi kamwe pale rola mbili zinapokutana, kwa sababu mbano unavuta na hauachii.

KemiaTu

La mwisho kutoka kwangu. Mmesema wavu hauna mwisho, ni duara lililofungwa. Ukichakaa unaingizwaje mpya wakati rola zimeshikwa na fremu pande zote mbili?

FundiMitambo

Hapo ndipo utaona kwa nini mashine ina upande wa mtumiaji na upande wa mota. Upande wa mota, mihimili mikubwa ya chuma inapita ndani ya duara la wavu na kufungwa imara, kiasi cha kuweza kubeba uzito wa rola na masanduku yote yakining'inia. Upande wa mtumiaji, kila nguzo ya fremu ina kipande cha chuma kinachofunguliwa. Wakati wa kubadili, mihimili inakazwa upande wa mota, vipande vinatolewa upande wa pili, na kwa muda fremu nzima inashikiliwa upande mmoja tu. Wavu mpya unaingizwa kupitia mwanya huo, ukiwa umetandazwa juu ya miti mirefu ili usikunjike, maana kunjo moja tu linatosha kuuharibu kabla haujaanza kazi. Kisha vipande vinarudishwa, boliti zinakazwa, na rola ya kunyooshea inauvuta hadi ukaze. Vitambaa vya ukaushaji havihitaji haya yote: vina mshono, vinavutwa ndani kwa kitambaa cha zamani na kuunganishwa palepale. Felti za kukamulia nazo siku hizi nyingi zina mshono, lakini wavu wa kuumbia unabaki bila mshono wa kufungua, kwa sababu alama yoyote juu yake ingejichapa kwenye karatasi kila unapomaliza mzunguko.